KARO YETU NA MSHAHARA WA MWALIMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kaloleni. Yachapishwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na nyinyi akina mama mliotoka Mariakani, Kayafungo na Mwanamwinga kwa jua hili:

Tumetakiwa na kamati tuseme habari ya skuli za Serikali na skuli za watu binafsi, na hasa mambo yaliyozipata wakati wa maradhi ya Korona. Baadhi ya ndugu zetu walinung'unika walipoona tangazo ubaoni. Walisema, mambo ya mwaka 2020 yamekwisha, yafukuliwa ya nini? Twawajibu kwamba hayajakwisha. Wako waalimu katika sehemu hizi zetu ambao hata leo hawajalipwa mishahara ya miezi ile, na wako wanachama wa chama hiki ambao wakimwona mwalimu aliyemfundisha mtoto wao kusoma, huvuka upande wa pili wa njia. Twalisema hili bila kumtaja mtu, maana sisi tunaosimama hapa tumo katika hesabu hiyo.

Yafaa kwanza tukumbushane tarehe, kwa kuwa watu wamekwisha kuzichanganya. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Siku mbili baadaye, siku ya Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru skuli zote zifungwe. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, zikafungwa mipaka, mtu asiingie wala asitoke. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi wa Juni, lakini Mombasa ikabaki imefungwa mpaka Julai, na ndugu zetu wa Mariakani wanajua vizuri maana yake: mtu aliyelala Mariakani na kazi yake iko Mombasa alikuwa kama aliyekatwa mguu.

Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi tarehe 12 Oktoba. Watoto wengine wote hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hesabuni wenyewe: ni miezi tisa na ushei. Jirani zetu wa Tanzania walifunga katikati ya Machi na mwisho wa Juni skuli zao zote zilikuwa wazi. Uganda nao walifungua kidogo na kufunga tena, wala watoto wote hawakurejea darasani mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa hiyo sisi tulikuwa katikati; hatukuwa wa heri wala wa shari kupita wote.

Sasa twauliza swali ambalo chama cha wafanya kazi lazima kiulize kila panapokuwa na msiba: katika miezi hiyo tisa, nani alikula na nani alilala njaa?

Chukueni waalimu watatu. Wote watatu wafundisha hesabu darasa la sita, wote wamesomea kazi yao, wote wachota maji bomba moja na kununua unga duka moja. Wa kwanza ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Waalimu, ile tuitayo TSC. Huyu alilipwa kila mwezi tangu Machi hata Januari, pasipo kukatwa, kama walivyolipwa wenziwe zaidi ya laki tatu nchi nzima. Wa pili yumo katika skuli hiyo hiyo ya Serikali, chumba cha pili, lakini ameajiriwa na halmashauri ya skuli. Ndiye mwalimu wa bodi. Mshahara wake hutoka katika michango ya wazazi, na wazazi walipokoma kuchanga, naye mshahara ukakoma. Wa tatu ni wa akademi. Huyu alipewa nusu ya mshahara wa Machi, akaambiwa aende nyumbani angoje simu. Simu haikulia.

Mwalimu mmoja wa namna hiyo, twamjua, alikwenda kusuka makuti pamoja na mama yake. Mwingine aliuza viazi karai kandokando ya barabara kubwa, akajifunika uso kwa barakoa, na hatudhani ilikuwa kwa kuogopa maradhi tu. Wanafunzi wake walikuwa wakipita hapo. Huko Mwea, katika Kirinyaga, skuli moja ya binafsi iligeuzwa ufugo wa kuku na shamba la mboga, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Watu walicheka. Waalimu wa skuli ile hatudhani walicheka.

Serikali ilitoa nafuu, hatukatai. Mwezi wa Machi 2020 ilitangazwa kwamba mfanya kazi apataye shilingi 24,000 au chini yake kwa mwezi asikatwe kodi. Ni jambo zuri kwa mwenye mshahara. Lakini mtu asiyelipwa hata senti moja, asamehewe kodi ya nini? Na Mei ilitolewa fedha ya kuajiri waalimu 10,000 zaidi na kutengeneza madawati. Hayo yote yaliingia kwa mlango wa skuli za Serikali. Akademi ndogo za huku kwetu hazikuona kitu mlangoni mwao.

Hapa yafaa turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi hudhani TSC ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Zamani za misheni na za halmashauri za wilaya, mwalimu alikuwa na matajiri wengi mno. Huyu aliajiriwa na misheni hii, huyu na misheni ile, mwingine na wilaya; kila mmoja na masharti yake. Huyu alilipwa kwa wakati, yule alingoja. Huyu aliweza kuondolewa kazini kwa neno la msimamizi mmoja tu aliyemchukia. Sehemu hizi zetu zimetoa waalimu wengi tangu siku hizo. Marehemu Ronald Ngala, mzaliwa wa Gotani, alishika chaki kabla ya kushika siasa. Waalimu wale walikusanyika, na tarehe 4 Desemba 1957 wakaunda chama chao cha KNUT, na jambo moja walilolipigania bila kuchoka ni hili: mwalimu awe na mwajiri mmoja nchi nzima. Walilipata mwaka 1967, TSC ilipoundwa. Waliolipigania wengi wao wamekwisha kufa. Lakini mwaka 2020, miaka hamsini na zaidi baadaye, kazi yao iliweka unga mezani kwa familia laki tatu katika miezi tisa ya njaa. Tukisema faida ya chama ni nini, jibu ni hilo.

Na mwalimu wa akademi je? Yeye hali yake ya leo ni ile ya mwalimu wa mwaka 1950. Ana tajiri mmoja wa peke yake, hana barua ya kazi, na mshahara wake unategemea ikiwa sisi wazazi tumelipa karo ama hatukulipa.

Ndugu zetu, hapo ndipo tunapofika mahali pazito.

Wengi wetu humu tuna watoto katika akademi, au tulikuwa nao. Twajua kwa nini. Mwaka 2003 Serikali ilipoondoa karo katika skuli za msingi tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani. Lakini Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, baadaye 1,420, na madarasa hayakuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Mfanya kazi mwenye mshahara wa kiwandani aliona mtoto wake ameketi chini katika umati, akamtoa, akampeleka kwenye akademi yenye watoto ishirini na tano darasani na basi la manjano. Hatumlaumu. Fedha ile tuliidai kwa migomo na mikutano. Mtu akiitumia kwa mtoto wake ameitumia vyema.

Ila tulisahau kuuliza basi lile la manjano linaendeshwa na nani, na analipwa nini. Tupige hesabu ya mfano, ya skuli ndogo isiyo ya mtu yeyote. Tuseme ina watoto 150, na karo ni shilingi 5,000 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni shilingi 2,250,000 kwa mwaka, yaani 187,500 kwa mwezi. Waalimu tisa kwa shilingi 10,000 kila mmoja ni 90,000. Mpishi, mlinzi na dereva kwa 8,000 ni 24,000. Zabaki 73,500, na humo mtoe kodi ya nyumba, chakula cha watoto, petroli, vitabu, na deni la basi. Tena hiyo ni hesabu ya wazazi wote kulipa, jambo ambalo halijatokea tangu skuli zianze. Mwenye skuli kama hii si tajiri mkubwa; mara nyingi ni mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote humo. Karo ikikoma mwezi mmoja, atakopa. Ikikoma miwili, atanyamaza. Ikikoma miezi tisa, hakuna skuli tena.

Karo yetu ndiyo mshahara wao, hakuna chombo kingine kinachotia maji katika mtungi ule. Kwa hiyo mwaka 2020 sisi wazazi tulikuwa matajiri wa waalimu wale, tukitaka tusitake. Na tulifanya nini? Mwezi wa Aprili viongozi wa wafanya kazi katika COTU, pamoja na waajiri na Wizara ya Kazi, walitia sahihi mapatano kwamba watu wasiachishwe kazi ovyo kwa sababu ya Korona, mashauriano yaje kwanza. Sisi tulishika mapatano yale mkononi tukaenda nayo mbele ya mameneja, tukasema, mfanya kazi hakuleta maradhi haya, mshahara wake usiguswe. Jioni ya siku hiyo hiyo tukapokea ujumbe wa simu kutoka akademi ukiomba karo, hata robo, tukajibu: hakuna masomo, hakuna karo.

Twajua mtakavyosema, maana tulisema hivyo wenyewe. Wengine wetu walikuwa wamekwisha kupelekwa nyumbani bila malipo. Wagema walikuwa wamekaa, kwa kuwa mangwe yote yalifungwa pamoja na mabaa. Wenye matatu walibeba abiria wachache kuliko kawaida. Mtu asiye na kitu hana kitu, wala hatumdai. Lakini si wote waliokuwa hivyo. Wapo waliofanya kazi miezi yote tisa, viwandani, katika malori, hospitalini, wakalipwa. Na hao nao hawakutoa kitu. Kamati iliuliza baadaye, kwa faragha, ikaona ni wengi kuliko ilivyodhani. Tulikuwa na haki kukataa kulipa karo nzima kwa masomo yasiyokuwapo. Hatukuwa na haki kusahau kwamba upande wa pili wa karo ile palikuwa na mtu aliyekuwa akitutegemea.

Liko kundi moja la wazazi ambalo lilifanya jambo jingine, nalo twalitaja kwa heshima. Walikutana chini ya mwembe, wakiketi mbalimbali kama walivyoagizwa, wakakubaliana kila nyumba yenye kipato itoe shilingi 200 kwa wiki, si karo, bali posho ya waalimu. Waalimu nao wakakubali kupita nyumba kwa nyumba na kusahihisha mazoezi. Haikuwa fedha nyingi. Lakini skuli ile ilifunguka tarehe 4 Januari na waalimu wake karibu wote, na hakuna aliyevuka njia kumkwepa mwenziwe.

Juu ya masomo ya redio na simu hatutasema sana. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilitangaza vipindi kwa KBC, na vilikuwa vizuri kwa mwenye redio, betri na mzazi wa kumketisha mtoto. Skuli kubwa za binafsi za Nairobi na Mombasa zilifundisha kwa kompyuta, wazazi wao wakagombana nazo juu ya karo mpaka mahakamani. Kule Mwanamwinga mtu hupanda kilimani kutafuta mtandao. Mtoto wa akademi na mtoto wa skuli ya Serikali huku kwetu walikuwa sawa kabisa katika jambo hili: wote wawili walichunga mbuzi. Na wasichana wengine hawakurudi tena, wa huku na wa kule, na hilo peke yake lastahili mkutano wake.

Januari 2021 ilipofika, akademi nyingine hazikufunguliwa. Madawati yaliuzwa, nyumba ikapangishwa ghala. Watoto wale walikwenda wapi? Walikwenda skuli za Serikali, zile zile tulizozikimbia. Mwalimu mkuu aliyeambiwa awakalishe watoto mbalimbali kwa mita moja na nusu alifungua mlango asubuhi akakuta wageni wamejaa ua. Akawapokea. Hakuuliza karo ya nyuma, wala hakumrudisha mtoto kwa sababu baba yake amesimamishwa kazi. Basi twasema wazi, na asiyependa na atujibu: skuli ambayo haikufa ni ile ya umma. Mfanya kazi ambaye mshahara wake waweza kukatika wakati wowote hana skuli nyingine ya kutegemea, na nguvu zetu nyingi zapaswa kwenda huko, katika halmashauri za skuli, katika kudai madarasa na waalimu wa TSC badala ya waalimu wa bodi.

Wala hatuzipambi. Baadhi ya waalimu wa Serikali walilipwa miezi tisa wasitoke hata siku moja kwenda kuulizia wanafunzi wao, na wengine walitoka kila wiki kwa miguu yao. Wenyewe wanajuana.

Lakini wako ndugu waliosema katika kamati: basi akademi na zife, waalimu wao watajua la kufanya. Maneno haya hatuyakubali. Mfanya kazi haadhibiwi kwa sababu ya kosa la mahali alipopata kazi. Mpishi wa akademi ni mfanya kazi. Dereva wa basi la manjano ni mfanya kazi. Haki yao imeandikwa, ila hakuna aliyewasomea. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Yasema mtu akipunguzwa kazi apewe notisi ya mwezi mmoja, na alipwe siku kumi na tano kwa kila mwaka kamili aliofanya. Kumwambia mtu aende nyumbani angoje simu si notisi, wala si likizo, wala si kitu chochote kinachojulikana na sheria ile.

Na sasa twalisema lile lililo gumu kuliko yote, kwa maana ni kosa letu sisi viongozi. Sheria hiyo yampa mfanya kazi miaka mitatu tu ya kupeleka dai lake mahakamani, tangu siku alipokosewa. Waalimu waliokosa mishahara mwaka 2020 muda wao ulimalizika mwaka 2023. Sisi tulijua sheria hii. Huisoma kwa wanachama wetu kila mwaka. Waalimu wale walikuwa wakipita mbele ya ofisi yetu kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka nje kumwambia mmoja wao. Tulisema si wanachama wetu. Alikuja mmoja mwaka 2024 na karatasi zake zote zimepangwa vizuri, kama mwalimu apangavyo, ikatubidi tumwambie amechelewa. Alishukuru, akakunja karatasi, akatoka.

Kwa hiyo kamati imeamua mambo haya, na inaomba mkutano uyathibitishe. Waalimu na watumishi wa akademi hatutawaandikisha sisi, kwa kuwa kiko chama cha KUDHEIHA ambacho kazi yake ni pamoja na wafanya kazi wa taasisi za elimu. Lakini meza na viti vyetu ni vyao siku ya kujiandikisha, na karani wetu atawasaidia kuandika. Sheria yasema wakiwa zaidi ya nusu ya wafanya kazi katika skuli, mwenye skuli lazima akitambue chama. Katika skuli ya watu kumi na wawili hao ni saba tu. Kila mwanachama mwenye mtoto katika akademi, katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao, aulize mbele ya watu kama waalimu wana mikataba ya maandishi, na kama sivyo, ni kwa nini. Asiulize kwa ukali. Aulize kama mtu anayelipa mshahara ule, maana ndivyo alivyo. Na kabla muhula haujaanza, wazazi wapatane na mwenye skuli kwa maandishi: skuli ikifungwa tena kwa maradhi au kwa mafuriko, sehemu gani ya karo itaendelea kulipwa, na sehemu hiyo iende kwa nani kwanza. Sisi tumependekeza theluthi, na iende yote katika mishahara. Wengine katika kamati walitaka robo. Mtasema nyinyi.

Wale wenye watoto katika skuli za Serikali wasiondoke wakidhani hayawahusu. Mwalimu wa bodi yumo humo, na mkataba wake nao uulizwe.

Nakala za vifungu vya sheria tulivyovitaja, kwa Kiswahili, ziko kwa katibu, nazo ni bure. Ila karatasi zilizobaki ni chache, basi nyumba moja ichukue moja. Ndugu wa Mwanamwinga wasubiri kidogo baada ya kura, gari lao litaondoka saa kumi.